Siku Laini ya Mahindi Ilipogeuzwa Msingi wa Choo

Nimestaafu. Mnaocheka huko nyuma chekeni mmalize, nitangoja. Ni kweli nina miaka kumi na saba, niko Form Four, na goti linaloniuma liliumizwa na beki wa Kimumu wala si uzee. Lakini kazi niliyoianza nikiwa darasa la sita nimeiacha, na sikupewa hata soda ya kuniaga. Sasa nasikia nyinyi watatu wa junior mnagombania nafasi yangu. Mmoja wenu tayari anajiita Karani wa Mawe, na jana nilimwona akikalia jiwe la mtu. Kwa hivyo kaeni chini, lakini si kwa mawe, niwaeleze.

Kazi yenyewe mnaijua kwa nje. Kila mwezi lori la serikali huleta chakula kwa chifu: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia, ya zile familia zilizoandikwa. Wazee wanaolea wajukuu, wajane, wagonjwa. Mimi na Shosho, nyanya yangu, tuko kwa hiyo orodha tangu niletwe kwake nikiwa na miaka minne na begi moja la viatu visivyonitosha. Shida ni kwamba lori halina saa. Linaweza kufika saa mbili asubuhi, linaweza kufika saa kumi jioni, na hakuna shosho wa miaka sabini na tano atakayesimama kwa baridi ya huku kwetu siku nzima akingoja. Ndiyo maana watu huweka jiwe. Unabeba jiwe lako asubuhi, unaliweka nyuma ya jiwe la mwisho, unarudi kwako kupalilia sukuma. Lori likifika, askari anapiga filimbi, unakuja unasimama nyuma ya jiwe lako. Karani wa mawe kazi yake ni moja tu: kuhakikisha mawe hayatembei.

Na mawe hutembea, msidanganywe. Nimeona jiwe likitoka nambari themanini hadi nambari kumi na mbili kwa muda wa mtu kufunga kamba za kiatu.

Aliyenifundisha ni Mzee Rono, askari wa geti kwa chifu, yule wa koti refu. Mzee Rono ana kipaji cha kulala akiwa amesimama, lakini siku aliyoniajiri alikuwa macho kwa karibu dakika kumi. Aliniambia, "Kijana, usiangalie jiwe. Jiwe halina aibu. Angalia mikono." Nikamuuliza mikono ina nini. Akasema mtu aliyeweka jiwe lake mapema mikono yake imekauka. Mtu ambaye amelihamisha sasa hivi ana udongo mbichi kwa vidole, na tena atakusalimia kabla hujamsalimia. Nimetumia hiyo elimu karibu miaka sita na haijawahi kunikosea. Hata shuleni najua nani ameiba chapati yangu.

Mtauliza kwa nini mawe, kwa nini tusitumie kitu cha kisasa. Tumejaribu. Baba Njoroge aliwahi kuweka kiatu, puppy wa Mzee Rono akakila, ikabidi Baba Njoroge apange laini akiwa na mguu mmoja peku. Mama Cherono aliweka mtungi wa plastiki, ukaenda na upepo hadi kwa posho mill ya kusaga unga, akaukuta huko unauzwa. Mara nyingine karani wa ofisi alileta ustaarabu wa kuandika watu nambari mkononi na kalamu ya rangi. Watu wakakaa siku mbili bila kuosha huo mkono, ugali wa mtaa mzima ukapikwa na mikono ya kushoto. Halafu ikaja ya simu: utatumiwa ujumbe lori likitoka stoo. Ujumbe wa Kogo, yule nyanya jirani yetu, ulienda kwa mjukuu wake aliye Nakuru, kwa sababu ndiye alimnunulia laini ya simu, na yule kijana akangoja mahindi Nakuru mpaka jioni. Baada ya hapo tukarudi kwa mawe. Jiwe halili chaji, halipeperuki, na hakuna mtu anaweza kuliiba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu. Hakuna mtu anaweza kuiba jiwe. Nitarudi hapo.

Kogo mnamjua, jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Yeye anatoka Kapseret na Shosho wazazi wake walitoka Murang'a, na wote wawili hukisema Kiswahili kana kwamba wanakigombeza. Kwa laini ya chakula walikuwa na mtindo wao. Walichukua jiwe moja kubwa, wakamwambia fundi alipasue katikati, kila mtu akachukua nusu yake. Mwezi huu Kogo anatangulia, mwezi ujao Shosho anatangulia, na hizo nusu mbili hukaa pamoja kama mkate. Ukiziangalia huwezi kuzitofautisha. Mimi tu, kwa sababu ya kazi, nilijua kwamba nusu ya Kogo ina kishimo juu, kadogo, ka kutosha ncha ya kidole.

Sasa twende kwa ule mwezi ambao lori halikuja.

Watu waliweka mawe kama kawaida, wakangoja, jioni karani wa ofisi akatoka nje na ile sauti ya mtu anayesoma matangazo ya matanga. Akasema serikali haijatoa pesa ya chakula, lakini tusiwe na wasiwasi, pesa iko njiani.

Kogo akainua mkono. "Njia gani?"

"Njiani tu, Mama."

"Nauliza imepitia Nakuru ama imepitia Kisumu. Kwa sababu kama ni ya Nakuru, kuna mahali wamechimba barabara."

Watu walicheka. Mwezi wa kwanza bado una nguvu ya kucheka. Mwezi wa pili karani akatoka tena, akasema pesa bado iko njiani, na Kogo akamwambia, "Hiyo inakuja na magoti." Waliocheka walikuwa wachache kidogo. Mwezi wa tatu karani alitokea mlango wa nyuma akaenda nyumbani.

Mwalimu wetu wa historia alitueleza darasani kwamba pesa yenyewe ipo, lakini haiwezi kutoka kabla wakubwa hawajakubaliana bajeti na kupiga sahihi, na wakubwa hawakuwa wamekubaliana. Nikamuuliza, wakati wanagombana, wao wanakula wapi. Nilimalizia hilo somo nikiwa nje.

Lakini kwangu shida ilikuwa ya kikazi. Hakuna mtu aliyetaka kutoa jiwe lake. Kama lori litakuja kesho na wewe umetoa jiwe lako leo, utarudi nyuma ya kila mtu. Wengine wakasema kila mwezi una laini yake, tuanze upya. Ikaitwa baraza hapo getini, Mzee Rono akaamshwa, akatoa hukumu: laini haifi mpaka lori lije. Akarudi kulala.

Kwa hivyo laini ikabaki. Mawe tisini na manne, kutoka geti la chifu hadi kwa posho mill, miezi mitatu. Mvua ikaanza, nyasi ikaota katikati. Kuku wa mtu akataga mayai matatu kati ya nambari thelathini na thelathini na moja, na wenye hizo nambari wakagombana mayai ni ya nani. Mimi nikiwa naenda shule napita nikiyahesabu, nikirudi nayahesabu, mpaka nikayajua yote kwa kichwa: la Mama Cherono, la Baba Njoroge, lile lenye rangi ya samawati, lile linalofanana na kichwa cha mwalimu wa hesabu. Katika maisha yangu sijawahi kukariri kitu hivyo. Mngeniuliza jedwali la kemia ningewaambia niende kukojoa.

Nyumbani mambo yalibadilika polepole, kama vile sabuni huisha. Kwanza maziwa yakatoka kwa chai. Halafu maharagwe yakawa ya Jumapili. Halafu tukawa tunakula mara moja, jioni. Mimi nikatumia akili: niligundua kwamba makanisa ya mtaa wetu hayapeani chai saa ile ile. Ukianza na la chini pale kwa daraja, ukamaliza na la kule juu la mabati mapya, unaweza kupata chai tatu na mandazi tano katika Jumapili moja. Niliokoka mara tatu katika madhehebu matatu. Wiki moja pasta wawili walikutana kwa duka wakaanza kulinganisha waumini wapya, ikabidi nibadilishe njia.

Shosho yeye hakuwa na shida, au ndivyo nilidhani. Kila jioni ananipakulia, na nikimuuliza yake iko wapi anasema, "Kula, mimi nimekula kwa Kogo." Nikawa namwonea wivu. Siku moja nikiwa na njaa ya kupita kiasi nikaamua na mimi nikaonje hiyo ya kwa Kogo. Nikabisha. Jiko lilikuwa baridi, paka amelala ndani yake.

"Kogo, shikamoo. Umeshakula?"

"Nimekula, nimekula kwa Shosho wako."

Nilisimama hapo kama mtu ambaye amesahau kile alikuwa amekuja kukopa. Nikarudi nyumbani. Hata sikuwa na kichekesho, na mnanijua.

Basi mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa, Jumamosi moja tulikuwa na mechi na timu ya Kimumu. Karani wa mawe hatakiwi kuacha laini mchana. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Lakini nilimwachia Mzee Rono, ambaye alikuwa ameegemea geti, na nikajiambia, nani ataiba jiwe. Tulifungwa manne bila. Nikarudi nikichechemea, nikafika kwa posho mill, nikaangalia upande wa geti.

Hakukuwa na kitu. Alama tisini na nne za mviringo, nyasi nyeupe pale jiwe lilipokuwa limelalia. Hata kuku alikuwa amehama.

Nikamkimbilia Mzee Rono. "Mzee, mawe yako wapi?"

"Si hayo hapo," akasema, bila kufungua macho.

Nilisikia mluzi nyuma ya ofisi. Nikazunguka. Fundi Barasa alikuwa amechuchumaa kwa mtaro, mwiko mkononi, anamalizia kupaka simiti msingi wa choo kipya cha ofisi.

"Fundi, hayo mawe umetoa wapi?"

"Getini. Niliambiwa nitayapata getini." Akageuka na uso wa furaha. "Na kama ni wewe uliyapanga, nakupongeza. Nimefanya mjengo miaka ishirini, hakuna mtu amewahi kuniletea mawe yamepigwa laini. Kawaida wanamwaga tu."

Mawe yake yalikuwa yamemwagwa geti la nyuma. Hakuna mtu alimwambia kuna mageti mawili.

"Fundi, hiyo ni laini ya chakula."

Akaangalia msingi, akaniangalia. "Hii ni choo, kijana."

Nilitamani kumwambia mtu mwingine ndiye alikuwa zamu, lakini zamu ilikuwa yangu peke yangu tangu darasa la sita. Na kabla mtaa haujamaliza kunitukana, Jumapili mchana karani akatangaza: pesa imefika, lakini imefika nusunusu. Lori linakuja kesho. Lina mifuko sitini.

Familia tisini na nne, mifuko sitini. Hapo ndipo laini iliacha kuwa mchezo.

Jumatatu asubuhi pale getini wale kumi wa kwanza walikuwa watu arobaini na wawili. Kila mtu alikuwa anakumbuka vizuri sana. Baba Njoroge aliapa alikuwa wa tatu, na mkewe akaapa yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa tatu, na walikuwa na jiwe moja. Karani akasema kama hamna utaratibu anarudisha lori. Wanawake wakanigeukia mimi. Nikasema naweza kuwataja wote kwa kichwa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mama Cherono akasema, "Kichwa gani? Hicho kilichoenda kucheza mpira?"

Aliyetuokoa ni Barasa. Alikuwa amekuja kumwagilia simiti yake, akasikiliza kelele, akasema kwa upole kabisa, "Lakini mimi sikuyachanganya. Nilianza na la getini, nikaenda nikifuata. Mtu amepanga vizuri, kwa nini nimharibie?"

Tukaenda nyuma ya ofisi. Na kweli. Simiti ilikuwa imefika nusu, migongo ya mawe ilikuwa nje, na laini yetu yote ilikuwa imezunguka choo: jiwe la kwanza pembe ya mlango, ikashuka upande wa wanaume, ikakunja kona, ikarudi upande wa wanawake. Mtu mmoja mmoja akaanza kulitambua lake na kusimama nyuma yake. Ghafla kukawa na utulivu. Chifu akatoka ofisini akakuta watu tisini na nne wamezunguka choo ambacho hakijaisha, wameinamisha vichwa, hawaongei. Akavua kofia. Alidhani tunazika.

Mawe machache Barasa alikuwa ameyapondaponda kuwa kokoto za kuziba mapengo. Hapo ndipo nikapata heshima yangu tena. Karani akifika kwa pengo ananiangalia, mimi nasema, "Hapa ni Baba Njoroge, nyuma ya Mama Cherono," na Mama Cherono anaangalia pembeni lakini anaitikia. Nilitaja mapengo manane, hakuna mtu aliyenipinga. Nilikuwa nimeanza kusimama kama mwanasiasa.

Pengo la tisa lilikuwa baada ya jiwe la sitini. Jiwe lenyewe lilikuwa nusu jiwe. Nusu nyingine ndiyo iliyokuwa imepondwa. Na nyuma ya hiyo nusu moja walikuwa wamesimama Shosho na Kogo, bega kwa bega.

"Hili la sitini ni la nani?" karani akauliza.

Niliona kile kishimo kutoka mahali nilipokuwa. Mwezi ule mawe yalipowekwa ulikuwa zamu ya Kogo kutangulia. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Pia nilijua sufuria yetu asubuhi hiyo ilikuwa imelazwa kifudifudi, na kwamba kitambaa cha Shosho sasa kinamzunguka kiuno mara mbili. Mikono yangu ilikuwa imekauka kabisa.

"La Shosho wangu," nikasema.

Kogo alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu, kama vile unatazama anga kujua kama utaanua nguo. Halafu akamwambia karani, "Karani wa mawe amesema. Andika." Akasogea nyuma, nambari sitini na moja.

Shosho jicho moja lina ukungu na lile jingine ni la kubahatisha. Zamu yenyewe ilikuwa ya miezi minne nyuma, kwa hivyo aliniamini. Mfuko ukaletwa, akainama kushika jiwe lake kama anavyofanya kila mwezi, ile namna ya kuliaga. Nikaona mkono wake unapapasa mgongo wa lile jiwe. Kidole kikaingia kwa kishimo, kikabaki hapo.

 Angesema, watu tisini na tatu wangejua mjukuu wake ni mwongo. Alijinyoosha polepole, akamwita kijana wa bodaboda, akamwambia, "Huu mfuko peleka kwa Kogo. Uweke ndani, si mlangoni." Akaanza kutembea kwenda nyumbani, na mimi nyuma yake, hatua kumi. Nilijaribu utani mara mbili njiani. Haukupokelewa.

Jioni Kogo akaja na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, umejaa mahindi, na wa pili, na wa tatu. Shosho akarudisha mmoja. Kogo akaurudisha tena. Waligombana juu ya meza yetu karibu nusu saa, mmoja anamimina, mwingine anarudisha, mpaka mimi nikaambiwa nichemshe kilichomwagika sakafuni kwa sababu angalau hicho hakina mwenyewe. Tukala pamoja, watatu, sufuria moja. Hiyo siku hakuna aliyeweza kusema amekula kwa mwenzake.

Wale thelathini na watatu wengine walirudi kwao na mifuko mitupu, na chakula kingine kilikuja baada ya miezi miwili. Hapo pia sina kichekesho.

Asubuhi yake nilienda kwa Mzee Rono nikamwambia naacha kazi. Akafungua jicho moja. "Kwa sababu ya mpira?"

"Hapana. Kwa sababu ya kile nilisema baada ya mpira."

Akalifunga tena. Nadhani alikuwa anajua. Huyo mtu halalagi vile mnafikiri.

Kwa hivyo nyinyi watatu, nafasi iko wazi. Pesa ya serikali itapotea njiani tena, si kwa ubaya wa mtu mnayemjua, itapotea tu, na mifuko itakuja michache kuliko watu. Siku hiyo mtaulizwa jiwe ni la nani, na mtakuwa na njaa. Mimi siwafundishi, nawaonyesha mahali nilianguka.

Na mkiniona mwanzo wa mwezi nikipanda na jiwe, msinisaidie. Nusu ya Shosho iliisha kwa choo, ikabidi atafute jipya. Alichagua mwenyewe, nyuma ya nyumba, akipapasa moja baada ya jingine. Lile alilochagua mimi hulibeba kwa mikono miwili na kupumzika mara nne kabla ya kufika getini.

"Shosho," nilimwambia mara ya kwanza, "hili si ni kubwa sana?"

"Ndiyo," akasema.

Halafu husimama kwa ua na lile jicho lake la kubahatisha, mpaka anione nimefika nyuma ya jiwe la mwisho na kuliweka hapo.